Mdogo na Mkubwa Sokoni: Tusiuze Mwaka kwa Bei ya Miezi Mitatu



Wazee wetu walisema: Mwenye nguvu mpishe. Neno hilo ni la hekima njiani, tembo anapopita. Lakini sokoni limetugharimu sana, kwa kuwa tumeligeuza kuwa sheria. Kompani kubwa ikifika, mdogo afunga duka. Mnunuzi mkubwa akitaja bei, mchimbaji atoa jiwe na kushukuru. Sisi twasema kwamba mdogo naye ana njia zake, na njia hizo zahesabika kwa franka, hazihitaji makelele. Twataka kuzieleza hapa wazi, maana uhuru tulioupata tarehe 30 Juni 1960 ulitupa bendera na wimbo, lakini bei ya jiwe letu hutajwa bado na mtu mwingine.

Kuna elimu iitwayo nadharia ya michezo. Jina lake lisiwadanganye, si habari ya mpira wala ya karata. Mwaka 1934 Mjerumani Heinrich von Stackelberg aliandika juu ya masoko ambamo muuzaji mmoja hutangulia na mwingine humfuata. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa huko Marekani, na mwaka 1950 kijana John Nash akaiendeleza elimu hiyo. Kiini chake ni hiki: faida yangu haitoki katika tendo langu peke yake, hutoka pia katika lile utakalofanya wewe ukisha kuona nimetenda nini. Kila mcheza bao ajua jambo hili. Hahesabu kete zake tu, huhesabu na mkono wa mwenzake.

Basi tuanze na jambo la mtoni, ambalo kila mtu wa mji huu alijua.

MASHUA KUBWA NA MTUMBWI

Tuseme kuna mashua kubwa ivushayo watu 100 kila asubuhi kutoka Makiso kwenda Lubunga, kila mtu franka 1,000. Mwenye mashua apata franka 100,000. Halafu kijana mmoja aleta mtumbwi wake na kutangaza: kwangu ni franka 800. Je, mwenye mashua atafanya nini?

Watu wengi hujibu upesi: atashusha bei na kumfukuza kijana. Tusikimbilie jibu, tupige hesabu kwanza. Mtumbwi wabeba watu 10 tu. Mwenye mashua akinyamaza, apoteza watu 10, yaani franka 10,000. Akishusha bei yake iwe 800 ili awarudishe, atawabeba watu wote 100, lakini kila mmoja amemlipa franka 200 pungufu. Hasara yake ni franka 20,000. Basi kunyamaza kwamfaa kuliko kupigana, naye atanyamaza.

Sasa tuseme kijana ana tamaa. Akopa fedha, aleta mitumbwi minne, ataka kuchukua watu 40. Mwenye mashua akinyamaza sasa, apoteza franka 40,000. Akipigana, hasara ni ile ile 20,000. Atapigana siku hiyo hiyo, na kijana atabaki na mitumbwi yake na deni lake.

Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Marekani, Judith Gelman na Steven Salop, waliliita jambo hili kwa jina la judo, mchezo wa Kijapani ambao mtu mwepesi hutumia uzito wa mwenzake kumwangusha. Mkubwa hawezi kumpiga mdogo bila kujipiga mwenyewe, maana bei akiishusha huishusha kwa wateja wake wote. Uzito wake wamfunga mikono, mradi mdogo ajue kipimo chake na asikipite.

Lakini liko sharti moja, nalo msilisahau. Kama mwenye mashua aweza kuwaita pembeni wale watu 10 na kuwaambia, «ninyi lipeni 700, lakini msiwaambie wenzenu», basi hasara yake ni franka 3,000 tu, na mtumbwi umekwisha. Kwa hiyo kila mahali penye kompani kubwa mtakuta bei za siri. Bei iliyoandikwa ukutani humlinda mdogo. Bei ya kunong'onezwa humwua.

DARAJA LILILOVUNJIKA

Njia ya pili ya mdogo ni kusubiri. Tuseme daraja limevunjika kwenye barabara ya kwenda Bafwasende. Tajiri mwenye malori tisa apoteza dola 1,000 kila mwezi, na mfanyabiashara mwenye lori moja apoteza dola 200. Kutengeneza daraja ni dola 600. Tajiri akilitengeneza peke yake, bado abaki na faida ya 400 mwezi wa kwanza. Mdogo akilitengeneza peke yake, mwezi huo wamtia hasara ya 400. Basi mdogo akae, atazame. Tajiri atatengeneza kwa hesabu yake mwenyewe, na lori moja litapita juu ya daraja lile lile.

Watu watamwita mdogo mvivu. Si mvivu. Ameona kwamba mwenye kupoteza mengi ndiye ana haraka. Ziko kazi ambazo mkubwa lazima azifanye, apende asipende, na mdogo asiyejua hili humaliza nguvu zake kwa kumfanyia mkubwa kazi yake.

Hizi ni hesabu za mfano. Sasa tutazame mambo yaliyotukia kweli katika nchi yetu.

ZAIRE ILIPOPIGANA NA DE BEERS

Kwa miaka mingi karibu almasi zote mbichi za dunia zilipita katika mkono mmoja, nao ni mkono wa De Beers na ofisi yake ya kuuzia huko London. Almasi za MIBA kutoka Mbuji-Mayi zilipita huko pia. Nyingi zake ni za kiwandani, zile za kusaga na kukatia, si za pete. Kwa karati nchi yetu ilikuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa dunia. Kwa thamani ya fedha ilikuwa mdogo.

Mwaka 1981 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba yatoka katika mkono huo. Ikaanza kuwauzia wanunuzi wengine wa Antwerp na London. Watu walishangilia, na shabaha ilikuwa ya haki: kwa nini mwenye jiwe asiuze kwa amtakaye? Lakini De Beers walikuwa na akiba kubwa ya mawe ya namna ile ile. Soko likajaa. Karati iliyouzwa takriban dola 3 mwaka 1981 ilishuka chini ya dola 2. Mwaka 1983 Zaire ilirudi katika mkono ule ule ilioukimbia.

Kwa nini tulishindwa? Sababu zilikuwa tatu, na kila moja ni somo.

Sababu ya kwanza, tuliingia na mitumbwi minne. Mali yote ya MIBA ilitoka mara moja, bila kuacha sehemu ndani na kuijaribu sehemu nje kidogo kidogo. Kunyamaza kungalimgharimu De Beers kuliko kupigana.

Ya pili, mkubwa aliweza kuwapiga bei wale tu waliokuwa kama sisi. Almasi za kiwandani zilikuwa sehemu ndogo ya mali yake, na alipoziangusha hakugusa bei ya mawe mazuri ya pete yaliyomtajirisha. Ndiyo ile bei ya kunong'oneza tuliyoisema: aliwapa bei nyingine watu 10, na wale 90 hawakuguswa.

Ya tatu ndiyo kubwa. De Beers hakupigana kwa ajili ya fedha za Zaire. Nchi nyingine zenye almasi zilikuwa zikitazama, na wakati huo huo watu wa mgodi mpya wa Argyle huko Australia walikuwa katika mazungumzo juu ya namna ya kuuza mali yao. Mkubwa alikubali kupata hasara kwetu ili wengine waogope. Mdogo anayepigana na mkubwa mbele ya wadogo wenzake ajue kwamba atapigwa zaidi ya kosa lake, kwa kuwa kipigo hicho ni hotuba kwa wote wanaotazama.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na wale wanaotuhubiria kwamba mkubwa hashindiki husahau mwisho wake. Mwaka 1996 Argyle nao walitoka. De Beers alishusha tena bei za mawe madogo. Safari hii hakushinda. Watu wa Argyle walikuwa wamekwisha kufungua ofisi yao Antwerp, na mafundi wa India, wakataji wa mawe madogo, walikuwa wamezoea mali yao hata hawakuweza kufanya kazi bila hiyo. Hawakurudi. Mwaka 2000 De Beers mwenyewe aliacha siasa ya kulishika soko lote la dunia.

Na Botswana? Hawakutoka wala hawakukimbia. Walifungua mgodi wa Jwaneng mwaka 1982, wakakaa ndani mpaka mkubwa akawa hawezi kusimama bila wao, halafu wakamdai. Mwaka 2013 kazi ya kuuzia almasi za De Beers ilihamishwa kutoka London kwenda Gaborone.

Tofauti haikuwa ujasiri. Zaire walitoka kabla ya kuwa na mteja asiyeweza kuwaacha. Argyle walimtafuta mteja huyo kwanza. Botswana walimfanya mkubwa mwenyewe kuwa mteja huyo.

KOBALTI: NANI ATATENGENEZA DARAJA?

Wengine watasema mambo ya 1981 ni ya wazee. Basi tuje kwenye kobalti ya Katanga na Lualaba, ambayo dunia nzima yaitaka kwa betri za simu na za magari.

Bei ya kobalti ilipanda sana mwaka 2018, kisha ikaanguka. Mwezi wa nane mwaka 2019 kompani ya Glencore ilitangaza kwamba itausimamisha mgodi wake wa Mutanda, na mwisho wa mwaka huo kazi ikasimama. Mutanda ulikuwa mgodi mkubwa kabisa wa kobalti duniani. Maelfu ya wenzetu wakapata habari kwamba kazi yao imegeuka kuwa chombo cha kupandishia bei. Nani alifaidi bei ilipopanda tena? Kila mwenye kobalti alifaidi, hata yule ambaye hakupunguza kilo moja. Glencore alitengeneza daraja, na malori ya wengine yakapita.

Lakini mkubwa hachoki kujifunza. Mutanda ukafunguliwa tena, na upande wa pili kompani ya Kichina CMOC, yenye Tenke Fungurume na Kisanfu, haikusubiri darajani. Iliongeza mali kwa nguvu zote. Mwaka 2023 ilipita Glencore na kuwa ya kwanza duniani, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 114,000, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Bei ikashuka chini ya dola 10 kwa ratili. CMOC aliweza kuivumilia, maana alitafuta shaba, na kobalti ilikuja pamoja na shaba ndani ya udongo ule ule. Hapa somo la daraja lageuka: penye wakubwa wawili, kila mmoja humngoja mwenzake, na daraja halitengenezwi.

Ndipo serikali ilipoingia. Kuanzia tarehe 22 Februari 2025 ilizuia kobalti isitoke nchini kwa miezi minne, kisha ikaongeza miezi mitatu. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka migawo: tani 18,125 kwa muda uliosalia wa mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mmoja wa miaka ya 2026 na 2027. Kabla ya mwisho wa 2025 bei ilikuwa imezidi mara mbili ile ya Februari. Sisi twalisifu tendo hilo bila kusita. Kwa mara ya kwanza mwenye udongo alicheza kete yake mwenyewe, naye ana sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima, zaidi ya sehemu mbili katika tatu. Huyu si mdogo. Alikuwa mkubwa aliyesahaulishwa ukubwa wake.

Lakini tusisifu tukiwa tumefumba macho. Migawo iligawanywa kwa kutazama kila kompani ilisafirisha kiasi gani zamani. Maana yake aliyekuwa mkubwa ameandikiwa ukubwa wake katika karatasi ya serikali, na mdogo ameandikiwa udogo wake. Mtumbwi uliotaka kutoka watu 10 hadi 15 sasa wakatazwa kwa sheria. Na bei ikipanda huku mali ikipungua, fedha zaweza kuongezeka kwa kompani huku kazi zikipungua kwa wafanyakazi. Hilo lahitaji mtu wa kulipigania mezani, na mtu huyo hatatoka katika kompani.

MKUBWA MWENYE KALAMU

Sisi wa Kisangani hatuna haja ya kuambiwa kwamba mkubwa aweza kushinda kwa amri bila kushinda kwa bei. Mji huu uliona. Mwaka 1887 Leopold II alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake hapa penye maporomoko, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kumwondoa. Hiyo ilikuwa hesabu ya mashua na mtumbwi: kunyamaza kulimfaa kuliko kupigana. Nguvu zilipomjia, hesabu ikabadilika, na vita vya 1892 hadi 1894 vikalimaliza neno hilo. Mwaka 1891 Bula Matari aliandika amri kwamba pembe za ndovu na mpira wa msituni ni mali ya serikali. Kompani za biashara zilizokuwa zimepanda mto kununua kwa wananchi zilifungiwa njia. Wananchi wakabaki na mnunuzi mmoja. Na mnunuzi akiwa mmoja, tena mwenye bunduki, bei hugeuka kuwa kiboko. Babu zetu waliilipa bei hiyo.

Mwaka 2000 kosa la namna hiyo lilirudiwa kwa suti na tai. Serikali ya Kinshasa iliipa kompani moja ya kigeni haki ya peke yake ya kusafirisha almasi za nchi. Mawe hayakungoja. Yalivuka mto kwenda Brazzaville, na mwaka 2001 ruhusa hiyo ikafutwa. Mwaka huo huo wa 2000, tarehe 5 hadi 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mitaani mwetu kwa siku sita, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye jinsi almasi na mali nyingine zilivyowavuta. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325. Wakubwa wawili wakikosa kugawana soko, hawapigani kwa bei sikuzote. Hupigana juu ya nyumba za watu.

MCHEZO ULIO KATI YETU WENYEWE

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Tangu biashara ya almasi ilipofunguliwa kwa wananchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wa Bafwasende, Banalia na Ubundu huleta mawe yao mjini. Hapa wako wanunuzi wadogo, na ziko kontuari zenye fedha nyingi. Tuseme mchimbaji apata mawe matatu kila mwezi, na bei ya kawaida ni dola 100 kwa jiwe. Kwa mwaka apata dola 3,600.

Kontuari kubwa yaanza kulipa 120. Furaha kubwa machimboni! Wote wakimbilia huko. Baada ya miezi mitatu wanunuzi wadogo wamefunga milango, wengine wamerudi kuuza chumvi na sabuni. Mwezi wa nne kontuari yalipa 70, na hakuna pengine pa kwenda. Hesabu ya mwaka: miezi mitatu kwa 360 ni 1,080, na miezi tisa kwa 210 ni 1,890. Jumla dola 2,970. Ile zawadi ya dola 20 kwa jiwe imemwibia dola 630.

Tuseme sasa wachimbaji wamepatana: kila mwezi mawe mawili yaende kwa kontuari kubwa kwa 120, na moja libaki kwa mnunuzi mdogo kwa 100. Kwa miezi mitatu kila mtu apata 340, jumla 1,020. Mnunuzi mdogo hafi. Kontuari yaona kwamba yatupa fedha bure, yarudi kwenye 100. Miezi tisa kwa 300 ni 2,700. Jumla dola 3,720. Wameila zawadi ya mkubwa na hawakunaswa katika mtego wake.

Hesabu ni rahisi hivyo, basi kwa nini haifanyiki? Kwa sababu kila mchimbaji, akiwa na jiwe lake mfukoni, husema moyoni: «Jiwe langu moja haliwezi kumwokoa mnunuzi mdogo wala kumwua. Wacha wenzangu wamlinde, mimi nichukue 120.» Na asema kweli! Jiwe lake moja haligeuzi kitu. Lakini wote wakisema kweli hiyo moja, wote waanguka katika shimo moja. Hapo ndipo mkubwa anaposhindia. Hashindani na mnunuzi mdogo kwa hakika. Ametupa mchezo katikati yetu, akaketi kutazama.

Wafanyakazi wa mishahara wasicheke wakidhani haya ni ya wachimbaji wa sululu tu. Kompani inayompa kapita mmoja nyongeza ya siri wiki moja kabla ya mgomo yacheza mchezo huo huo. Mama auzaye mchele sokoni, ambaye tajiri ampa bei nzuri ili amwache jirani yake, yumo katika mchezo huo. Na vijana wa toleka mnaojipiga bei ninyi kwa ninyi hata mnakosa fedha ya mnyororo wa baisikeli, mwajua tunasema nini.

Dawa si mahubiri. Mahubiri hayashindi dola 20 kwa mtu mwenye njaa. Dawa ni kufunga neno mapema, ili siku ya tamaa mkono usiwe huru. Mawe yakusanywe na ushirika, yauzwe kwa kikao, bei iandikwe, na atakayeuza pembeni ajulikane.

Twasikia mashaka yenu, na mashaka mawili ni ya kweli. La kwanza ni deni. Wachimbaji wengi huuza mahali fulani kwa kuwa mtu wa mahali hapo amewapa mchele, koleo na mashine ya kuvutia maji, na jiwe limekwisha kuuzwa kabla ya kuonekana. Ushirika usio na akiba ya chakula hauwezi kumfungua mtu huyu. Kwa hiyo akiba itangulie bei. Bila mchele wa miezi miwili ghalani, mapatano yote ni maneno.

La pili ni viongozi. Panya wengi hawachimbi shimo, na wakichimba, mmoja hukaa ndani na kula peke yake. Sheria ya migodi ya 2002, ilivyobadilishwa mwaka 2018, yataka wachimbaji wawe katika ushirika, lakini sheria haiwezi kumzuia tajiri kuandikisha jamaa zake watatu na kujiita ushirika. Ushirika ambao mwanachama hawezi kuona daftari ni kontuari yenye jina jingine. Sisi twaandika madaftari kila siku, twajua jinsi safu moja ya tarakimu inavyoweza kuficha nyumba nzima ya mtu.

TUNAYODAI

Kwa serikali twadai mambo manne.

1. Bei za almasi na dhahabu ziandikwe hadharani kila juma mjini na machimboni, na wathamini wa CEEC, kituo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2003, wamthaminie mchimbaji jiwe lake kabla hajauza, si baada ya kontuari kulishika.

2. Asipewe mtu mmoja, mwenyeji au mgeni, haki ya peke yake ya kununua wala kusafirisha. Tumejaribu mwaka 1891, tumejaribu mwaka 2000. Yatosha.

3. Migawo ya kobalti iachie nafasi kwa wadogo wanaokua, na kila kompani inayopewa mgawo iandike ni kazi ngapi itazilinda. Aliyepewa sehemu ya udongo wetu apewe na sehemu ya wajibu.

4. Mnunuzi anayepandisha bei ili kuwaua wenzake, kisha akaishusha, aulizwe mbele ya sheria. Daftari zake za miezi kumi na miwili zitasema.

Na kwenu wenyewe, ndugu, twadai jambo moja tu. Mkubwa atakapokuja na bei tamu, msiulize atalipa kiasi gani mwezi huu. Ulizeni ni nani watakaobaki kununua mwezi wa nne. Kama jibu ni yeye peke yake, gawanyeni mawe yenu. Pokeeni ya mkubwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mshikeni mdogo asizame, maana siku akizama yeye mtauza kwa huruma ya mwingine.

Mdogo asiyejua kipimo chake huliwa mapema. Mdogo ajuaye kipimo chake, asubiriye penye kusubiri, aungaye mkono na wenzake kabla ya siku ya tamaa, huyo mkubwa hulazimika kumhesabu. Nasi twataka kuhesabiwa.

Kutoka Mangobo hadi Lubunga, kutoka machimboni hadi sokoni: Umoja na Uhuru!